Fimbo Kwapani

Kioo cha pembeni cha kushoto nilikivunja mara tatu ndani ya mwaka mmoja. Mara ya kwanza nililaumu geti la yadi, nikasema aliyelijenga hajawahi kuona lori. Mara ya pili nikamgombeza tingo wangu kwamba hakuniita mapema. Mara ya tatu nilikuwa peke yangu, mchana kweupe, kwenye maegesho yaliyokuwa karibu matupu njia ya Morogoro. Nikashuka, nikaokota vipande, nikakosa wa kumlaumu.

Nilikuwa na miaka 38. Njia yangu ilikuwa Dar es Salaam hadi Tunduma, zaidi ya kilomita 900, na nilikuwa naijua kama mtu anavyoijua njia ya kwenda chooni usiku. Jicho halikuniuma. Halikuwa jekundu, halikutoa machozi. Mbele niliona vizuri tu, namba ya gari la mbali niliisoma. Kilichokuwa kinaondoka ni pembeni, tena kwa ujanja, kwa sababu pale pasipoonekana ubongo unakujazia wenyewe, ukabaki unaamini hakuna kilichopungua. Daktari akaniambia ni glakoma, yaani presha ya macho. Mgandamizo ndani ya jicho unapanda na kuuumiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, na nyuzi za mshipa ule zikishakufa hazifufuki. Dawa ya matone inalinda kilichobaki tu, na mimi nilikuwa nimebakiwa na kidogo sana. Akauliza kama nina ndugu wa tumbo moja. Nikasema wanne. Akasema waje wote kupimwa, maana ugonjwa huu hupita kwenye damu. Mmoja akakutwa nao, ukiwa bado mchanga, na mpaka leo anaona kwa sababu haachi matone yake. Nalisema hili mapema, kabla sijaingia kwenye mambo ya simu, ili kama kuna mwenye mzazi aliyepofuka kwa namna hiyo aache kusoma aende kwanza kupima.

Nilipofika miaka 41 giza lilikuwa limekamilika. Mimi nasema kipofu. Kwenye semina wanasema mtu mwenye ulemavu wa kuona, nami siwapingi, lakini jina lile ni refu kuliko fimbo yangu.

Mwaka mmoja na nusu nilikaa barazani. Kwenda msikitini nilishikwa mkono, kwenda kunyoa nilishikwa mkono. Aliyenitoa pale ni mzee mmoja asiyeona tangu utotoni, aliyekuja nyumbani kwetu Tandika na fimbo nyeupe mbili, moja yake na moja yangu. Alinifundisha wiki sita. Fimbo inafagia upana wa mabega yako, isizidi sana. Mguu wa kushoto ukienda mbele, ncha inagonga kulia, pale ambapo mguu wa kulia utatua baadaye. Kila mguu unakwenda mahali ambapo fimbo imeshafika. Nilipokuwa dereva tungesema fimbo ni tingo anayetangulia kuangalia daraja. Mzee yule alikuwa mkali. Nikiburuza fimbo kivivu alikuwa ananipiga nayo ya kwake kwenye kifundo cha mguu, na sikujua alikuwa anakipataje.

Kwa fimbo ile nilirudi mjini. Nikaanza kuuza spea ndogo za magari na jamaa yangu pale Gerezani: beringi, mikanda ya feni, filta, plagi. Vitu vya vidole. Asubuhi napanda daladala la Kariakoo, na hapo sikuhitaji teknolojia yoyote, kwa sababu konda anataja njia nzima kwa sauti, anataja vituo, anasema kama kuna nafasi ama hakuna, na ukiwa umezubaa anakushika bega. Konda ni kifaa kamili cha kumsaidia asiyeona, na amekuwepo tangu kabla hatujazaliwa.

Simu ilikuja mwishoni mwa mwaka 2023. Mpwa wangu, anayesoma kompyuta chuo, alinipa Android yake ya zamani. Akaniwashia TalkBack, kile kisoma skrini ambacho kinakutajia kila unachokigusa. Unapapasa, kinasema, ukikubali, unagonga mara mbili. Wiki ya kwanza nilitaka kuitupa. Wiki ya pili nikasoma mwenyewe ujumbe wa pesa ulioingia, na hapo nikatulia, kwa sababu kwa miaka mitatu kila shilingi iliyoingia kwenye simu yangu iliwahi kusomwa na kijana wa jirani kabla mimi sijaijua. Salio langu lilikuwa habari ya mtaa.

Baadaye akaniwekea programu zenye akili mnemba. Unapiga picha, inakueleza kilichomo. Akasema, "Mjomba, jaribu." Nikaielekeza simu upande ambao nilimsikia mke wangu. Ikakaa kidogo, kisha ikasema: mwanamke aliyevaa kitambaa cha njano na kijani ameketi kwenye kiti kifupi cha mbao, ameshika sinia la mduara lililofumwa, lina nafaka nyeupe. Mke wangu akacheka, akasema sinia lililofumwa ndiyo nini, ungo huo. Simu ikaendelea. Nyuma yake kuna ukuta wa rangi ya maziwa wenye ufa mrefu kutoka dirishani hadi chini.

Kicheko kikakatika.

"Ufa upi?" nikauliza.

Ulikuwa na miaka miwili. Mke wangu na watoto walikuwa wamekubaliana wasiniambie, kwa sababu ningeanza kuwaza fundi na sementi na hela haikuwepo. Sikukasirika. Lakini usiku ule nililala nikifikiri kwamba wanaonipenda walikuwa wananichagulia cha kuona. Hii mashine haijui kama nina hela ya sementi au sina. Inasema tu. Kwangu mimi, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote iliyonifanyia, na wala halihusu kutembea.

Kutembea ndiko kulikoniletea matatizo.

Unajua mtu aliyepata kitu baada ya kukikosa muda mrefu anavyokuwa. Nikawa nafululiza. Naitoa simu kila baada ya hatua kumi, naiuliza kuna nini mbele. Inaniambia: pikipiki mbili zimeegeshwa kushoto, mwanamume amebeba kiroba, duka lenye ndoo za rangi kulia. Nilikuwa naiona Gerezani tena! Mabango niliyoyasahau, rangi za milango, paka juu ya gari. Nikajigeuza mtalii kwenye njia niliyokuwa nikiipita kila siku. Mkono wa kulia umeshika simu, wa kushoto mfuko wa vitu, na fimbo ikahamia kwapani.

Siku hiyo ilikuwa imenyesha usiku. Nikapiga picha, programu ikanijibu kwa Kiswahili kizuri kabisa kwamba mbele yangu kuna njia ya waenda kwa miguu iliyo wazi, kulia kuna ukuta wa bati. Iliyo wazi. Nikaenda. Hatua ya nne sikuipata ardhi.

Mtaro wa maji ya mvua ulikuwa umekosa mfuniko mmoja wa zege. Niliingia mpaka kiunoni, ugoko ukapasuka kwenye ukingo, maji meusi yakaingia kwenye mfuko. Simu niliinyanyua juu, hiyo haikulowa hata tone. Walionitoa ni mama ntilie na mwanaume aliyekuwa anakunywa supu kwake. Yule mama akanifuta uso kwa kanga yake, akaniuliza kwa upole, "Kaka yangu, mbona fimbo iko kwapani?"

Nyuzi saba. Wiki mbili sikwenda kazini. Nilikuwa na muda wa kumhoji mpwa wangu.

Alianza kwa kunitetea mashine, kama vijana wanavyofanya, kisha akanieleza vizuri. Hizi programu hazijui dunia, zimeonyeshwa picha. Kuna mkusanyiko wa picha unaoitwa COCO, wa mwaka 2014, ambao wataalamu duniani kote wameutumia sana kufundishia kompyuta kutambua vitu. Una aina 80 za vitu. Nikamwambia anisomee. Akasoma: mtu, baiskeli, gari, pikipiki, basi, treni, lori. Vizuri. Bomba la zimamoto la barabarani. Mashine ya kulipia maegesho. Mbao za kuteleza kwenye theluji. Tembo. Pundamilia. Twiga.

"Bajaji?"

"Haimo, mjomba."

"Mkokoteni?"

"Haumo."

"Mtaro?"

Akacheka, lakini hakucheka sana, maana nilikuwa nimenyoosha mguu wenye nyuzi juu ya kiti chake. Akasema programu za siku hizi zimesoma picha nyingi mno kupita hizo 80, ndiyo maana zinaweza kukuelezea hata bajaji. Lakini tatizo lina mzizi uleule. Picha nyingi zimepigwa na watu wanaoona, na mtu anayeona anapiga picha ya kitu. Nani anapiga picha ya shimo? Shimo ni kitu ambacho hakipo. Na lililojaa maji baada ya mvua linang'aa bapa kama lami.

Akaniambia pia kuhusu mkusanyiko mwingine, VizWiz, ulioanza na picha zilizopigwa na vipofu wenyewe pamoja na maswali yao, zaidi ya maswali 31,000. Picha zile zina ukungu, zimekata vichwa, nyingine ni kidole kitupu. Kompyuta zilizokuwa zinafaulu kwenye picha nzuri zilihangaika nazo. Nikazipenda picha hizo bila kuziona. Ni zangu.

Kisha nikamuuliza kuhusu ramani, ile sauti inayosema geuka kushoto. Akasema simu inapopokea setilaiti mahali pa wazi huwa inakosea kwa kama mita 5 hivi. Kwa dereva, mita 5 si kitu. Nilipokuwa na lori la tela nisingezihesabu. Kwa anayetembea na fimbo, mita 5 ndiyo tofauti kati ya kuwa kando ya Barabara ya Kilwa na kuwa katikati yake. Na ukiingia Kariakoo penye maghorofa, mawimbi yanagongagonga kuta kabla ya kufika, kosa linakua. Nilikuwa nafikiri ramani inajua nilipo. Inajua mtaa niliopo, basi.

Kutokana na mazungumzo yale nikajiwekea sheria, na mzee aliyenifundisha fimbo nilipomsimulia alisema ningemuuliza yeye ningeokoa nyuzi saba. Fimbo ni ya kutembea, simu ni ya kusimama. Nikitaka kuuliza, nasimama, tena pembeni, mgongo ukiwa ukutani. Nauliza, nasikiliza, narudisha simu mfukoni, nazipu. Ndipo mguu unaondoka. Fimbo haijui paka wala rangi za milango, lakini haijawahi kuniambia shimo ni njia.

Na barabara sivuki kwa neno la simu. Nasimama kwenye pundamilia, naiinua fimbo, nasubiri. Atatokea mtu. Dar watu wana haraka, wanasukumana, wanatukana, lakini sikumbuki siku ambayo nimesimama pale dakika tano bila kusikia "Mzee, twende." Ninachoomba ni kimoja: usinishike mkono ukanivuta. Nipe kiwiko chako nikishike mimi, uwe mbele nusu hatua. Mwili wako utaniambia kuna ngazi kabla mdomo wako haujakumbuka.

Ikishakuwa imesimama mahali pake, simu inafanya makubwa. Mwaka 2022 ilipita ile operesheni ya anwani za makazi, nyumba zikapigwa namba na mitaa ikawekewa vibao. Kwa wengi ni vibati tu. Mimi nikienda msibani mtaa nisioujua, nafika penye kona, nasimama, nainua simu, inanisomea jina la mtaa, kisha nyumba kwa nyumba mpaka namba niliyotajiwa. Mara ya kwanza nimefika msibani peke yangu wenyeji hawakuniuliza nimefikaje, walinipisha kiti tu wakaendelea kulia, nami nilifurahi moyoni mahali ambapo hakufai kufurahi.

Dukani ndiyo kazi yake kubwa. Boksi zote za spea ukizipapasa ni boksi. Zamani ilibidi kila mzigo upangwe na mwenzangu, na akichelewa kufika mteja anasubiri. Sasa napiga picha, inanisomea. Lakini hapo nako nimejifunza. Siku moja fundi alitaka beringi ya alteneta namba 6303. Nikaishika moja iliyokuwa nje ya boksi, ina grisi, nikapiga picha, simu ikasema 6303. Kidole changu kikakataa. Beringi za 6203 na 6303 tundu lake la ndani ni moja, milimita 17, ila ya kwanza kwa nje ni 40 na ya pili ni 47. Milimita saba mkononi mwa mtu ambaye hana kingine cha kutazamia ni nyingi. Nikaifuta grisi, nikapiga tena, ikasema 6203, kwa sauti ileile, kwa uhakika uleule. Haikusema samahani, haikusema mwanzo niliotea. Mtu akiwa hana hakika unamsikia: anavuta maneno, anakohoa, anasema "nadhani". Hii haina "nadhani". Kwa mtu anayeishi kwa kusikiliza sauti za wengine, huo ni upungufu mkubwa kuliko wanavyofikiri wanaoitengeneza.

Pesa ndiyo kabisa. Kwenye programu niliyokuwa nayo kulikuwa na sehemu ya kutambua noti, nikaifurahia, nikaijaribu, kumbe inazijua dola na yuro. Shilingi yetu hapana. Nikarudi kwenye kukunja: elfu kumi nakunja mara tatu, elfu tano mara mbili, elfu mbili kwa urefu, buku nanyoosha. Siku hizi ukiipiga picha noti ukaiuliza ile akili mnemba ya kueleza picha, inakuambia mara nyingi kwa usahihi, mnyama aliyechorwa na tarakimu. Lakini mteja amesimama mbele yako, foleni nyuma yake, bando linasuasua. Kukunja hakuli bando.

Nataka niseme pia kuhusu watu walio nyuma ya simu, kwa maana kabla ya mashine kulikuwa na watu. Ile programu ya Be My Eyes aliianzisha Mdenmarki, Hans Jørgen Wiberg, fundi wa samani ambaye macho yake mwenyewe yalikuwa yanafifia. Ilianza kutumika mwaka 2015. Unabonyeza, anapokea mtu anayeona popote alipo duniani anayezungumza lugha yako, kamera yako inakuwa jicho lake. Akili mnemba waliiongeza mwaka 2023. Siku nyingi naitumia hiyo ya mashine, ni ya haraka na huoni haya. Lakini usiku mmoja mjukuu wangu alikuwa na homa, wanawake hawapo, nina kichupa cha dawa mkononi. Mashine ikanisomea: paracetamol ya maji, miligramu 120 kwa mililita 5. Sawa. Lakini dawa ya mtoto si beringi. Nikapiga kwa mtu.

Akapokea mama mmoja mwenye Kiswahili cha Unguja kilichochanganyika na lafudhi ya Kiarabu. Yuko Muscat, aliniambia mwenyewe, kwao wamehamia siku nyingi. "Kigeuze kidogo mwanangu. Tena. Hapo hapo." Akasoma jina lilelile, kipimo kilekile. Kisha akanyamaza. "Hii imeshapita muda wake miezi miwili. Usimpe mtoto." Tarehe ilikuwa chini ya kichupa. Mashine sikuiuliza tarehe, na haikunitajia. Yule mama naye sikumuuliza. Aliangalia tu, kama mama yeyote anavyoangalia dawa kabla ya kumpa mtoto. Kisha akaniuliza homa ilianza lini, akaniambia nimfute maji, akaniuliza kama karibu kuna duka la dawa lililo wazi. Lilikuwepo. Nilikwenda, saa nne usiku, fimbo mkononi.

Kuna kero ambazo hazihusu mashine. Ukiwa kipofu ukatoa simu barabarani na kuielekeza mbele, watu wanasema huyu tapeli, kipofu gani anachati. Nimewahi kusikia mtu akimwambia mwenzake aninyoshee ngumi usoni waone kama nitapepesa. Nilipepesa, kwa sababu nilisikia upepo wa mkono. Wakacheka, "Si unaona!" Sina jibu la watu hawa. Vibaka nao hawana shaka na upofu wangu hata kidogo. Simu ya kwanza iliondoka mkononi Mtaa wa Kongo katikati ya sentensi, ikiwa inaniambia kuna umati wa watu. Ya sasa ina kamba shingoni, iko ndani ya shati, kamera tu ndiyo inachungulia. Na sikio moja siliwekei kitu. Ukiziba masikio yote usikilize simu, umejipofusha mara ya pili.

Mwaka jana kulikuwa na harusi Iringa, na mwenzangu wa zamani wa barabarani alikuwa anapeleka mzigo Makambako. Akanipitia. "Suka, panda." Miaka mingapi sijaitwa hivyo nikiwa ndani ya kabini. Nikakaa kushoto, katikati yupo tingo wake, kijana mdogo, redio inapiga singeli kwa nguvu zote.

Njia nzima nilikuwa nachezea simu. Nainua dirishani, napiga, inaniambia. Milima kwa mbali, mkonge, duka la matairi. Yule kijana akawa ananisahihisha, kisha wakawa wanashindana, yeye na simu. Tulipoingia Mikumi nililijua kwa matuta kabla ya mtu kusema. Nikapiga picha. Ikasema: kuna twiga wawili karibu na mti, kando ya barabara ya lami.

"Kweli kabisa," dereva akasema. "Wawili."

Nikacheka mpaka nikakohoa. Twiga wamo, mjomba. Kijana akaniuliza nacheka nini, nikashindwa kumweleza.

Mbele kidogo mtandao ukakatika. Nikairudisha simu ndani ya shati, nikafungua dirisha. Ruaha Mbuyuni ikaja kwa harufu ya vitunguu, magunia kwa magunia kando ya barabara, watoto wanakimbilia malori wakiyaita. Baada ya hapo injini ikaanza kubadilisha sauti, na harufu ya breki zilizoungua ikaingia kutoka kwa malori yanayoshuka. Kitonga. Mgongo wangu ukaikumbuka kabla yangu, mguu wa kulia ukawa unatafuta pedeli ambayo haipo.

"Punguza," nikamwambia mwenzangu. "Kona inabana hapo mbele."

Akapunguza. Kona ikabana.

Kijana akageuka. "Anko, simu imekuambia?"

"Simu imelala. Zima redio, ya pili inakuja."